Inawaka, Inazima

Mara ya kwanza ile monita iliingia kwangu ikiwa juu ya kichwa cha kijana, imefungwa kitenge kama mtoto mgonjwa. Mama mwenye sekretaria alikuwa anatembea nyuma yake, ameshika waya mkononi kama mtu anayevuta mbuzi. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Nakivale lilikuwa kali. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, "Fundi, hii ekra inawaka, kisha inazima. Ikitaka, inawaka tena. Sijue iko na pepo ama iko na nini."

Nikaichomeka. Ikawaka. Ikakaa nusu saa bila hata kupepesa. Kila fundi anaujua ugonjwa huu: kitu kinakufa nyumbani kwa mwenyewe, kikifika kwa fundi kinafufuka, na mwenyewe anabaki anaapa kwamba hasemi uongo. Mama aliona haya. "Unaona sasa? Inaniletea haya mbele ya watu." Nikamwambia aiache ilale.

Kesho yake saa moja asubuhi, baridi bado imekaa kwenye mabati, nikaichomeka tena. Taa ya kitufe ikawaka kijani, picha ikaja sekunde mbili, giza. Nikabonyeza. Sekunde mbili, giza. Mara ya nne haikuleta picha kabisa, ila nikiweka sikio nyuma nasikia tik, tik, tik, na ile taa ya kijani inapepesa kwa kufuata mlio. Hapo nilishajua. Sikuhitaji hata kufungua. Na jana yake ilipona kwa sababu ilitembea juani kichwani kwa yule kijana.

Nataka kueleza vizuri nilichofanya baada ya hapo. Katika gazeti letu hili watu wameandika kuhusu sabuni walizotengeneza na cherehani zilizowalisha, na nimezisoma kwa furaha. Mimi naandika kuhusu kazi niliyoifanya vibaya.

Niliifungua. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita tano ndogo zimejipanga karibu na transfoma, na tatu kati yake zilikuwa zimevimba juu kama mandazi. Moja imetoa kitu cha kahawia chini yake, kimekauka kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Dawa yake ni moja: kung'oa zote, kuweka mpya. Lakini kapasita mpya hazikuwepo pale Base Camp. Ziko Mbarara, na Mbarara ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima bila mteja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na watu walikuwa wanamsubiri kwake. Basi nikaenda saluni ya jirani, nikaazima mashine ya kukausha nywele, nikaipuliza ile bodi moto dakika tano. Ikawaka. Ikakaa. Nikaifunga, nikapangusa kioo vizuri kwa kitambaa chenye maji kidogo, nikachukua shilingi 15,000. "Nimetengeneza, Mama," nikasema. "Usiwe unaizima ovyo ovyo."

Hilo la mwisho lilikuwa ushauri wa kweli, maana monita isiyozimwa haipoi. Ndivyo nilivyojifariji.

Wasomaji wengine ni watu wa mashirika, na huenda hawajawahi kufungua kitu zaidi ya mfuniko wa betri ya rimoti, kwa hiyo nieleze kidogo. Umeme unaotoka kwenye transfoma ya ndani ya monita hauji kama mto. Unakuja kwa vishindo, maelfu ya vishindo kwa sekunde moja. Kapasita ni tenki. Fikirieni bomba la maji mtaani kwetu: pampu inasukuma, inaacha, inasukuma, lakini kama kuna tenki zuri katikati, mwenye jerikani hajui kwamba pampu iliacha. Maji yanatoka sawa. Sasa tenki lile lile likijaa tope mdomoni, maji yamo ndani lakini hayatoki kwa nguvu. Watu kumi wakifungua bomba pamoja, yanakatika. Monita inapowaka ndipo watu kumi wanapofungua bomba pamoja: taa za nyuma ya kioo zinataka umeme mwingi kwa mara moja. Tenki halitoi, umeme unashuka, bodi inaogopa, inajizima. Kisha inajaribu tena. Ile tik, tik, tik ni kujaribu huko.

Na kwa nini moto unaiponya? Ndani ya kapasita kuna karatasi iliyoloweshwa maji ya dawa. Joto la miaka huyakausha taratibu. Kinachobaki, kukiwa na baridi, hakipitishi umeme vizuri. Ukikipasha moto, kinapitisha kwa muda. Kwa hiyo mashine ya saluni inaiamsha monita, na moto huo huo unazidi kuyakausha yale maji yaliyobaki. Nilipoipuliza moto niliipunguzia siku zake, na nilijua.

Monita yenyewe kibandiko chake kilisema 2006. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulitoka kapasita nyingi zenye maji ya dawa mabovu, hasa kutoka viwanda vya Taiwan, na vifaa vya miaka ile vikafa mapema dunia nzima. Sijui kama yake ilikuwa ya kundi hilo au ilizeeka tu. Mama aliinunua Kampala, mtumba, ikiwa na namba ya ofisi fulani ya Ulaya imegandishwa mgongoni. Ofisi ile ilipumzika nayo, yeye akaianzishia maisha mapya kwenye umeme wetu: mchana inveta ya bei ndogo inayotoa umeme wa kukwaruza, jioni jenereta ya jirani ambayo friji ya soda ikianza kunguruma, balbu zote zinainama. Namna hiyo ya maisha ni ngumu hata kwa kapasita mpya.

Baada ya wiki mbili alirudi. Nikapasha moto tena, bila kumtoza, na nikajiona mtu mwema kwa kutomtoza. Nikamwambia sasa asiizime kabisa, hata usiku. Akatii. Betri yake ya sola ikaanza kuamka asubuhi imechoka, akaanza kukopa umeme wa jenereta mapema, na pesa ya umeme ikala pesa ya karatasi. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.

Halafu ikaja habari ya Mzee.

Mzee yule anatoka upande wa Fizi. Alikuwa ameitwa kwenye mahojiano siku ya Alhamisi, na alitaka maelezo yake yaandikwe kabla. Ninyi mnaouliza maswali kwenye vyumba vile labda hamjui tunavyoyaogopa. Mtu anaulizwa mwaka wa kifo cha mwanawe mara tatu, kwa watu watatu, katika miaka mitano, na akikosea mwezi mmoja anaona kalamu imesimama. Basi wengi huja sekretaria kwanza, wanasimulia, inapigwa chapa, wanaisoma usiku kama mwanafunzi wa mtihani. Mzee hasomi. Alitaka tu karatasi iwepo.

Alizungumza masaa mawili. Mama aliniambia alikuwa anazungumza akiangalia ukuta, na yeye alikuwa anaandika bila kumkatiza, kwa sababu ukimkatiza mtu wa namna ile unaweza kumpoteza. Wala hakuhifadhi. Mtu hawezi kusema "ngoja kidogo" wakati mwingine anafikia mlango wa nyumba aliyowakuta wanawe.

Ekra ikazima.

Mama akabonyeza kitufe, akasubiri. Tik, tik, tik. Akabonyeza tena. Alidhani kompyuta imekufa, kwa sababu kwa mtu wa kawaida ekra ndiyo kompyuta. Mwishowe akafanya tunachofanya wote: akachomoa waya kwenye inveta, akahesabu hadi kumi, akarudisha.

Nawaomba msomaji asimame hapa kidogo. Ekra ikizima, lile boksi la chini linaendelea na kazi yake. Maneno ya Mzee yalikuwa mazima mle ndani, kila neno, gizani. Kidole kimoja kwenye Ctrl na kimoja kwenye S, kisha jina lolote na Enter, yangehifadhiwa bila mtu kuona kitu. Hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyejua kwamba ekra itazima, sikumfundisha.

Kompyuta ilipowaka tena, ukurasa ulikuwa mweupe. Mama akamwambia Mzee kwa upole kwamba itabidi warudie. Mzee akasema, "Nimeshasema." Akachukua kofia yake, akatoka. Alhamisi hakwenda.

Mama alikuja kwangu siku ile bila monita. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasimulia yote niliyoyaandika hapa, sauti ya chini, mikono mapajani. Kisha akauliza, "Mwanangu, niambie ukweli. Ile ekra ulitengenezaka, ama ulipashaka tu moto?" Kumbe binti wa saluni alikuwa amemwambia juu ya ile mashine ya nywele, tena kwa kucheka, kama kichekesho cha mafundi.

Nikasema, "Nilipasha moto, Mama."

"Na ulijua itazima."

"Nilijua."

Akanyamaza. Angenitukana ningepata la kusema. Alisimama, akakunjua kitenge chake, akasema, "Njo vile basi," akaenda.

Kesho yake nilipanda taksi ya alfajiri kwenda Mbarara. Ninajua wasomaji wa Nyarugusu watasema huyu ana bahati, maana wao kutoka nje ya kambi ni kibali. Ni kweli. Bahati hiyo nilikuwa nayo tangu mwanzo na sikuitumia.

Sasa mafundi wenzangu wasogee. Kapasita zilikuwa hivi: mbili za maikrofaradi 1000 kwa volti 25, mbili za 470 kwa volti 25, na moja ya 1000 kwa volti 10. Nilibadilisha zote tano, hata zile mbili zisizovimba, kwa sababu zilikula joto lile lile miaka ile ile, na kapasita inaweza kufa bila kuvimba. Mita ya kawaida itakudanganya: itakuonyesha ujazo mzuri wakati mdomo wa tenki umeziba. Namba ya maikrofaradi ifuate ya zamani. Volti iwe sawa au zaidi, kamwe isiwe pungufu. Na kwenye ganda pawe pameandikwa 105, yaani nyuzi za joto, si 85, kwa sababu mle ndani ni jiko. Yule wa dukani alitaka kunipa za 85 akisema ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kwa kawaida kapasita ikiishi kwenye joto lililopungua nyuzi 10, umri wake unakaribia kuwa mara mbili.

Kuna njia ya mkato nyingine ambayo nilikuwa naitumia sana: kung'oa kapasita kwenye bodi ya dekoda iliyokufa. Ni kumvisha marehemu nguo za marehemu mwingine. Siku ile zilikuwepo mezani kwangu, za namba zinazofaa kabisa, na nilizitazama, nisidanganye.

Kabla ya kugusa chochote, ile kapasita kubwa moja, nene kama kidole gumba, imeandikwa volti 450, iheshimuni. Umeme wa volti 240 ukishageuzwa mle ndani unafika karibu 340, na unabaki umekaa kwenye ile kapasita hata baada ya kuchomoa waya. Kule Kadutu, nilikojifunzia, fundi wangu alinionyesha kovu la kiganja badala ya kunipa somo. Mimi huchomoa, nasubiri, kisha naigusisha miguu yake kwenye balbu ya zamani ya waya kwa nyaya zilizofunikwa vizuri, halafu napima kwa mita. Ikisoma karibu na sifuri ndipo naingiza mkono mmoja. Mkono wa pili unakaa nyuma. Na kijana wangu anayejifunza hakai mezani mpaka mita imesema.

Kufungua ni kazi ya subira. Skrubu nne za nyuma, kisha meno ya plastiki pande zote. Turnevisi itayavunja. Kadi ya plastiki ya simu, ukiisukuma pembeni taratibu, yanaachia moja moja kwa mlio wa mahindi ya kukaanga. Zile taa za nyuma za monita za zamani ni vijiti vya kioo vyembamba vyenye zebaki ndani, kwa hiyo ukivunja, usipulize wala usifagie mbele ya watoto. Hili nawaambia pia wanaotuletea monita za mtumba kwa makontena: zikifa zinafia hapa, na hapa hatuna pa kuzizika zaidi ya shimo la taka lililo juu ya ziwa. Lakini nyingi ninazoziona zimetupwa zilikufa kwa kapasita za shilingi elfu tano zote pamoja.

Nilichoma lehemu ya zamani, nikavuta kapasita moja moja, nikasafisha tundu kwa kijiti cha meno. Ule mstari mweupe ubavuni ni mguu wa hasi, ukikosea huo kapasita italipuka usoni pako. Nikiwa pale niliona na kitu kingine: mguu mmoja wa soketi ya umeme ulikuwa na pete nyembamba nyeusi kuuzunguka, lehemu imepasuka. Nayo huleta inawaka, inazima, hasa mtu akipita na kutikisa meza. Nikaichoma upya. Huenda siku zile zote ilikuwa inasaidiana na kapasita kuniumbua.

Kujua kama ni bodi ya umeme au taa za nyuma, kabla hata ya kufungua: ekra ikishakuwa nyeusi, mulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona picha hafifu, kama mtu nyuma ya pazia, basi umeme upo na taa ndizo zimelala. Usipoona kitu, na kitaa cha kitufe kinapepesa, rudi kwenye bodi.

Ile monita ililala kwangu siku tatu. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla ya jua, niliiwasha ikiwa baridi kabisa. Mita ikionyesha volti 5 zisizotikisika, ambazo mwanzo zilikuwa zinaanguka hadi 3 na kitu. Siku ya tatu ndipo nikampa kijana wangu aibebe, na mimi nikatembea nyuma.

Nilimrudishia Mama 15,000 zake. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, akaziweka kwenye bahasha ya karatasi za kopi. Hakusema ahsante, na sikuwa nimetegemea. Kisha nikamwomba akae kwenye kibodi. Nikafunika ekra kwa kile kitenge. "Andika jina lako," nikasema. Akaandika haoni. "Sasa hifadhi." Ctrl, S, jina, Enter. Nikafunua kitenge, akalikuta jina lake limehifadhiwa pale juu. Akalitazama muda mrefu.

Tulirudia mara sita. Mara ya sita aliniondoa mkono, akafunika mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mzee pia. Nilimweleza kosa lilikuwa la nani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ninajua kutengeneza redio. Nikasema ninajua. Akaniletea redio yake. Lilikuwa ni fyuzi tu. Kuhusu maelezo hatukuongea.

Ulipita mwezi na zaidi. Siku moja jioni nilikuwa nimekwenda sekretaria kuangalia inveta, nikamkuta mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, amekaa na daftari la shule. Babu yake alikuwa amemsimulia usiku, vipande vipande, taa ikiwa imezimwa, na yeye alikuwa anaandika asubuhi kabla ya kwenda bombani. Kurasa kumi na moja kwa kalamu ya bluu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa nje kwenye benchi, redio sikioni, mgongo ameupa mlango.

Nilikaa sakafuni nyuma ya meza na nyaya zangu. Mama anapiga mstari, anahifadhi, anapiga mstari, anahifadhi. Jenereta ya jirani ikainama, balbu zikainama nayo, ekra haikutikisika. Alipofika ukurasa wa nne alisoma kwa sauti ili kuhakiki, na msichana akamshika mkono.

"Hapana, Mama. Si 1996. Babu alisema 1998."

Mama akarudi nyuma, akafuta, akaandika.